Mjadala: Fundi anayefungua simu ya mkopo ni mdukuzi?

Wadau, kuna mafundi hapa Kondele, Kisumu, wanaofungua simu za lipa mdogo mdogo, zile ambazo ukiruka malipo siku kadhaa zinajifunga, skrini inabaki na ujumbe wa deni tu. Fundi anaichomeka kwenye laptopu, anaiflashi (anafuta programu zake na kuweka upya), simu inarudi kazini. Kuna mtu hapa kawaita wote wadukuzi na kutaka wafungwe. Mimi napinga.

Kwanza, mdukuzi wa asili hahitaji hata umeme. Kudukua ni kutega sikio penye mazungumzo yasiyokuhusu. Jirani aliyebandika sikio kwenye ukuta wa mabati ni mdukuzi kamili. Watu wa kompyuta wakalichukua neno liwe badala ya "hacker", yaani anayepenya mifumo ya kompyuta, ambalo nalo lilianza kama sifa: chuoni MIT, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, wanakilabu wa treni za mfano walimsifu hivyo mwenzao mjanja wa mitambo. Sasa sifa na umbeya vimekaa kiti kimoja, na polisi naye anakitaka.

Sheria ya Kenya ya makosa ya mitandao ya 2018 haiulizi jina lako. Inauliza kama uliingia bila idhini. Ukipatikana, faini hadi shilingi milioni 5, au jela isiyozidi miaka 3, au vyote. Idhini ya nani lakini? Ya aliyeishika simu, au ya aliyemkopesha? Aliyesahau nenosiri la simu yake mwenyewe, simwoni na kosa. Ya mkopo naiita kesi ya deni.

Fundi, Kibuye: Umenitetea nusu, ndugu yangu. Mimi nadai risiti na kitambulisho, asiye navyo arudi na simu yake. Mwenye duka akija na askari, nimwambie MIT wangenisifu?

Mwalimu, Kakamega: Huku wanafunzi wa kilabu cha kompyuta wanajiita wadukuzi kwa fahari, mzazi akaja kuniuliza kama tunafundisha wizi.

Mwenye duka, Nakuru: Kesi ya deni? Simu ndiyo dhamana yangu! Anayevunja loki hajanitegea sikio, kaninyang'anya. Mwiteni mnavyotaka.

Mwanzisha mada: Basi mshitaki mnunuzi, ndiye aliyetia saini.

Mwenye duka, Nakuru: Mnunuzi kazima laini, kahama nyumba. Fundi ana kibanda.