Kampa mdogo wangu ripoti yake ya disleksia AISOME MWENYEWE mbele ya darasa zima!

DadaMkubwa (mleta uzi)

Wanajamvi, leo sina salamu. Nina hasira mpaka kucha zinaniuma.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Kila shule ya sekondari inaye: kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati, fimbo ya kuonyeshea ubaoni, na sentensi moja aliyozaliwa nayo, "uvivu hauna cheti cha daktari". Huyo huyo. Leo kavuka mpaka, kavuka na uzio, na geti kaling'oa akaondoka nalo.

Mdogo wangu yuko kidato cha pili. Ana disleksia. Tulihangaika mpaka tukampata mwanasaikolojia wa elimu, akampima, akaandika ripoti. Kijana anaelewa masomo, akieleza kwa mdomo wenzake wanamsikiliza, ila kusoma kwake ni kwa taabu na tahajia inamgomea. Apewe muda wa nyongeza kwenye mitihani. Apewe nakala ya somo badala ya kunakili ubao mzima. Asishtukizwe kusoma kwa sauti mbele ya watu. Basi! Hakuna aliyeomba ajengewe ikulu.

Asubuhi hii kapeleka bahasha. Imefungwa, imeandikwa "kwa mwalimu". Yule bwana kaifungua darasani, kapitisha macho, kacheka, halafu kamrudishia mdogo wangu karatasi: "Simama, tusomee wote tujue unaumwa nini."

Rudieni hapo. Ripoti inayosema mtoto huyu asishtukizwe kusoma kwa sauti mbele ya watu, kashtukizwa nayo mtoto huyo huyo, aisome kwa sauti mbele ya watu!

Mstari wa kwanza kakwama. Wa pili kakwama. Kafika kwenye neno "disleksia" ulimi ukagoma kabisa, na yule bwana akamalizia: "Mnaona? Hata ugonjwa wake hawezi kuusoma." Darasa likalipuka kwa kicheko. Mtoto kamaliza vipindi vyote kainamisha kichwa, kafika nyumbani kaniambia harudi.

HATA UGONJWA WAKE HAWEZI KUUSOMA. Mtu mzima. Mwenye mshahara. Kwanza disleksia si ugonjwa! Pili, mpeni yeye kamusi aisome kinyumenyume katikati ya uwanja wa mpira uliojaa, kila akikwama refa apulize filimbi na mashabiki wazomee. Dakika tisini. Na za nyongeza juu, si anazichukia?

---

SitiYaMbele

Nimeshakaa. Povu ruksa dada.

---

MzeeWaBakora

Enzi zetu hakukuwa na hiyo disleksia. Kulikuwa na bakora, na tulisoma. Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai, akikemewa kidogo mnakimbilia mwanasaikolojia.

---

DadaMkubwa

Mzee wangu, shikamoo, lakini enzi zenu walikuwepo. Walikaa viti vya nyuma, wakapigwa, wakaacha shule, nanyi mkawaita vilaza. Hamkuwahesabu, ndiyo maana mnadhani hawakuwepo. Na hapa hakukemewa! Kapewa ripoti yake AISOME MWENYEWE!

---

MkutubiWaZamu

Mzee, "enzi zenu" ni lini hasa? Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika kwenye jarida la madaktari la huko kuhusu kijana wa miaka 14, mwerevu, macho mazima, aliyeshindwa kujifunza kusoma ingawa alifundishwa kwa miaka. Mwalimu wake alisema kijana huyo angewashinda wote shuleni kama masomo yote yangekuwa ya mdomo. Mwalimu wa 1896! Hakuwa na semina wala intaneti, alimtazama tu mwanafunzi wake akaona alichonacho. Na neno lenyewe disleksia ni la zamani zaidi, Rudolf Berlin wa Ujerumani alilitumia 1887.

---

DadaMkubwa

Mkutubi, umenitonesha kidonda. Yule wa 1896 alijua. Huyu wetu mwenye simu mkononi anasema "hata ugonjwa wake hawezi kuusoma". Natamani niwabadilishane.

---

MzeeWaBakora

Hao ni wa Kiingereza, lugha ambayo unaandika hivi unatamka vile. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa. Huku disleksia itatoka wapi?

---

MkutubiWaZamu

Inatoka kwenye ubongo, mzee, haisubiri lugha. Shida kubwa ni kuunganisha sauti na herufi, wala si macho wala si akili, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Lugha inabadilisha sura yake tu. Kwenye Kiingereza utaona makosa kila mstari. Kwenye lugha kama Kiswahili au Kiitaliano mtoto anaweza kusoma maneno sawasawa, lakini polepole mno, silabi kwa silabi, mpaka akifika mwisho wa aya mwanzo umeshampotea. Kwa hiyo walimu wanasema "si anasoma huyu?" na wanamwacha. Akifika sekondari, vitabu vinene na lugha ya kigeni juu yake, ndipo anazama.

---

ChakiVidoleni

Mimi ni mwalimu. Kabla hamjaniparura: alichofanya mwenzetu ni unyama, sitamtetea. Lakini nani amewahi kutufundisha haya? Chuoni elimu maalumu nilipewa kipindi cha kupita tu. Darasa langu limejaa mpaka mlangoni. Naletewa ripoti imeandikwa kitaalamu, kurasa kwa kurasa, nikimaliza bado sijui Jumatatu nifanye nini. Andikeni nusu ukurasa: mtoto anaweza hiki, anakwama hapa, msaidie hivi. Halafu mtuletee na mwalimu mmoja wa elimu maalumu, mmoja tu, kwa shule nzima!

---

DadaMkubwa

Mwalimu, malalamiko yako ni ya haki, yafungulie uzi wako. Kuacha kumdhalilisha mtoto hakuhitaji semina. Kutompa asome MWENYEWE hakuhitaji semina.

---

NyundoYaMaswali

Mleta uzi nina swali. Kama bahasha ilikuwa ya siri, kwa nini mlimpa mtoto aibebe? Mngeenda wenyewe ofisini mkaongea kikubwa. Umetuwekea alama za mshangao nyingi kuliko maelezo.

---

DadaMkubwa

Nyundo, bahasha IMEFUNGWA ina jina la mtu. Posta nayo ukiikuta mlangoni unaisomea mtaa mzima?! Kosa ni la aliyeifungua akaigeuza maonyesho. Usinihamishie.

---

SawaKwaWote

Mimi nitasema ukweli mchungu. Kusoma mbele ya darasa sikubaliani nako, ila muda wa nyongeza ni upendeleo. Mtihani ni mmoja, saa ni moja. Wangu amekesha, naye ana haki.

---

KalamuYaPili

SawaKwaWote, wa kwako kesho akivunjika mkono wa kuandikia ataingia kwenye mtihani? Ataomba mtu wa kumwandikia, nawe utakuwa wa kwanza getini. Uingereza nyongeza ya kawaida ni hadi asilimia 25, yaani mtihani wa saa 2 unaongezeka dakika 30. Maswali ni yale yale, majibu hapewi. Asiyejua hata akipewa wiki hajui. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Kabla ya hapo kuna Tamko la Salamanca la 1994: serikali 92 zilikaa Hispania zikakubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Sasa shule inampokea, halafu inamsimamisha achekwe.

---

SawaKwaWote

Mikataba mnaijua, darasani hamkai.

---

MamaWaBintiMkimya

Jamani afadhali huyo wa kwenu ameonekana. Binti yangu ana ADHD, ile hali ya kushindwa kutuliza akili au mwili, na miaka yote ripoti inasema "ana nidhamu, aongeze bidii". Kwa sababu hapandi juu ya dawati! Mvulana akirukaruka anapelekwa kupimwa. Msichana anayeelea kimya dirishani anaitwa mstaarabu. Anasahau daftari, anasahau tarehe ya mtihani, anaanza swali la kwanza kengele inagonga, na mimi naambiwa namdekeza.

---

ChakiVidoleni

Mama, hilo ni kweli tupu. Kwa kusaidia: mpeni kazi vipande vipande, maagizo yaandikwe ubaoni yasiwe ya mdomo tu, akae mbali na mlango na dirisha. Mimi nampitia wangu nagusa kona ya dawati, anarudi kwenye kazi, wala wenzake hawajui.

---

MamaWaBintiMkimya

Mwalimu, hamia shule yetu.

---

SikioMoja

Sisi wa kusikia kwa shida nani atatulilia? Mwanangu anavaa kifaa cha masikio na anasoma midomo. Mwalimu wa hesabu anaandika huku anaongea, kaupa darasa mgongo KIPINDI KIZIMA. Mgongo hauna midomo! Nimeomba: andika, geuka, ongea. Akaniambia anapoteza muda.

---

DadaMkubwa

Pole sana SikioMoja. Lakini wakuu, turudi kwa yule bwana. Kesho naenda shuleni. Mnishauri: nianze na mkuu wa shule au nianze naye mwenyewe?

---

BabaWaUsonji

SikioMoja, angalau wewe umejibiwa. Wangu ana usonji, anajua ratiba nzima kwa moyo, na kila wiki wanabadilisha vipindi bila kumwambia mtu. Kwake hilo ni tetemeko. Anaziba masikio, wanasema ana jeuri. Kibao kimoja mlangoni "leo maabara inahamia chumba kile" kingemaliza tatizo, hawataki.

---

KalamuYaPili

DadaMkubwa, anza na mkuu wa shule, kwa barua, na ubaki na nakala. Andika siku, somo, na maneno yake kama alivyoyatamka. Usiende na matusi hata kama yanakuwasha. Omba vitu viwili: ripoti ihifadhiwe kwa siri, na mpango wa msaada uandikwe na kusainiwa, useme nani atafanya nini. Na mdogo wako mwenyewe aulizwe kwenye kikao anachokitaka, ana akili zake.

---

NyundoYaMaswali

Barua itawekwa kwenye droo. Nawaambia.

---

DadaMkubwa

Basi wataniwekea na mimi kwenye hiyo droo, maana sitoki mpaka atamke mbele ya darasa lile lile, kwa sauti ile ile, kwamba alikosea. Hata ugonjwa wake hawezi kuusoma! Bado naisikia.

---

KushotoDaima

Samahani kwa kuingilia. Kwa kuwa tunazungumzia wanaosahaulika shuleni: vile viti vyenye kibao cha kuandikia upande wa kulia. Sisi wa mkono wa kushoto tunaandika tumejipinda, mgongo unauma, msimamizi anadhani tunachungulia kwa jirani.

---

SitiYaMbele

KushotoDaima, umenigusa! Mimi nilinyang'anywa karatasi ya mtihani kwa sababu hiyo hiyo!

---

MzeeWaBakora

Mimi ni wa kushoto. Nilichapwa vidole mpaka nikahamia kulia.

---

KushotoDaima

Mzee, na ulitwambia bakora ziliwasaidia?

---

MzeeWaBakora

Mwandiko wangu mpaka leo hausomeki. Benki wananirudishia fomu.

---

SikioMoja

Na daftari za waya je? Waya umekaa pale pale unapolaza mkono.

---

KushotoDaima

Usiseme! Na mkasi! Nani hapa shule yake ina viti vya kushoto?

---

ChakiVidoleni

Sisi tunavyo viwili. Vinakaa kwenye ofisi ya mhasibu.