Mapitio ya riwaya: niandike kwa mtindo gani, na niyapeleke wapi?

MsomajiWaTanga
Ndugu wanajukwaa, nimesoma riwaya za Kiswahili kwa miaka mingi na sasa ningependa kuandika mapitio yake. Nimeshaandika matatu, lakini kila nikiyarudia naona yanafanana na majibu ya mtihani wa kidato cha sita: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kisha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Sijui pia niyapeleke gazetini, kwenye jarida la chuo kikuu, au niyaweke tu katika blogu yangu. Je, kitangulie kipi, mtindo au mahali pa kuchapisha?

KalamuYaJioni
Atangulie msomaji. Msomaji wa gazeti, tuseme Mwananchi au Taifa Leo, kwa kawaida hajakisoma kitabu na anataka kujua kama kinastahili fedha yake, kwa hiyo usimfichulie mwisho. Msomaji wa jarida la Kiswahili la TATAKI, ile Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (wazee tungali tukiiita TUKI, ingawa jina lilibadilika mwaka 2009), au wa Swahili Forum linalosomwa bure mtandaoni, huenda amekwisha kukisoma na anasubiri hoja, nawe huwezi kujadili muundo wa riwaya huku ukiukwepa mwisho wake. Ama huo mtindo wa mtihani, kumbuka kwamba uchambuzi ni neno lililotoka kwenye kuchambua, kama tuchambuavyo mchele. Lakini mgeni hakaribishwi mchele uliochambuliwa, hukaribishwa wali.

MwalimuWaFasihi
Nakubali habari ya wali, ila hauliki vizuri wenye mawe. Fani na maudhui ni kazi ya jikoni: ifanye yote katika daftari lako, kisha uandike kuhusu jambo moja au mawili tu yaliyokushika. Na tafadhali nukuu. Mhakiki anayesema “lugha yake ni tamu” bila kutuonjesha hata sentensi moja anatutaka tumwamini bure, na sentensi hiyo nimeikuta katika mapitio mengi mno, yakiwemo yangu ya ujanani.

Mhakiki_Mdogo
Niongeze la uzoefu. Niliwahi kupeleka makala ya maneno 900 kwa gazeti moja, ikatoka ikiwa na 400, na aya iliyokatwa ilikuwa ndiyo pekee iliyomkosoa mwandishi, hivyo nikaonekana mpiga debe. Tangu hapo husoma kwanza mapitio matatu ya karibuni ya mahali ninapokusudia, nikahesabu maneno yake, nikaandika kwa kipimo hicho. Majarida nayo yanaweza kukuweka miezi, na si uungwana kupeleka andiko moja kwa wahariri wawili kwa wakati mmoja. Blogu haina mhariri wa kukukata, lakini vilevile haina wa kukuokoa. Ikiwa mwandishi ni rafiki yako, liseme wazi mwanzoni, kwa sababu ulimwengu wetu wa vitabu ni mdogo na watu watajua tu.

MsomajiWaTanga
Shukrani, ndugu zangu, na shikamoo Mwalimu. Nimeyafungua tena mapitio yangu ya kwanza: neno “dhamira” limo mara kumi na moja, na sikunukuu hata sentensi moja ya kitabu. Nitayaandika upya kwa ajili ya gazeti, nikianzia na ukurasa ule ulionifanya nishuke kituo kisicho changu.