Profesa kachukua picha yangu ya Kilwa, chini kaandika "Picha: Google"

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mwaka jana nilikwenda Kilwa Kisiwani. Nililala Kilwa Masoko, saa kumi na moja alfajiri niko ufukweni nasubiri mashua, ili jua likichomoza linikute Msikiti Mkuu. Mwanga ule hupenya kati ya nguzo dakika chache tu, ukichelewa ndiyo basi. Nikapata picha moja iliyoniridhisha. Nikaipandisha Wikimedia Commons, hifadhi ya picha za bure mtandaoni, kwa leseni ya CC BY-SA, yaani chukua bure, tumia utakavyo, ila andika jina la mpigaji, taja leseni, na kama umeibadilisha sema umeibadilisha na uitoe kwa leseni hiyo hiyo. Sikudai hata shilingi.

Juzi rafiki kanitumia kiungo. Tovuti binafsi ya profesa mmoja, simtaji. Picha yangu imejaa ukurasa wa kwanza, kaikata upande wa kulia hadi nguzo mbili zimetoweka, na chini kwa herufi ndogo: "Picha: Google".

Google alipanda mashua lini? Ule ni mtambo wa kutafutia tu! Mwanafunzi akimwandikia "chanzo: maktaba" kwenye tasnifu, profesa huyu anampa sifuri na kumwita mwizi wa kitaaluma.

Nikafungua ukurasa wa shukrani. Sentensi moja: "Nawashukuru wote walionisaidia kwa njia moja au nyingine." Mmoja wa hao "wote" namfahamu. Ni binti aliyekaa miezi mitatu na spika za masikioni akiandika mahojiano ya wazee neno kwa neno, anarudisha nyuma sekunde tano, anasikiliza tena, anampigia simu mvuvi amuulize neno la chombo asilolijua. Mahojiano hayo yamo humo humo kwenye tovuti, juu lipo jina la profesa peke yake. Binti akiomba kazi kesho, aonyeshe nini? Hili linaniuma kuliko hata picha.

Nilimwandikia profesa kwa heshima zote, shikamoo ikatangulia. Jibu lake: "Kijana, kikishakuwa mtandaoni ni cha wote. Ushukuru kazi yako imeonekana."

Imeonekana kuwa ya nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwa kazi yake, na picha zimo. Kutoa bure si kutupa jalalani.

Sitaki fidia. Nataka mstari mmoja chini ya picha, na jina la yule binti juu ya kila mahojiano aliyoyaandika. Ni kazi ya dakika kumi. Nimemwandikia tena jana, kasoma, kimya.

Aliyewahi kufikisha jambo la namna hii COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, aniambie alianzia wapi na alibeba ushahidi gani. Picha halisi yenye tarehe na saa ninayo.