Baba mkwe na Oasis: nichukue Time Flies au Stop the Clocks?

Mkwe_Mpya: Wakuu, habari za jioni. Niko Manchester, mke wangu mzaliwa wa huku. Jumamosi baba mkwe anatimiza miaka 60, na ni mgonjwa wa Oasis, bendi ya roki ya huku huku. Nimchukulie mkusanyiko wao upi: Time Flies ya 2010, yenye singo zao za Uingereza kuanzia 1994 hadi 2009, au Stop the Clocks ya 2006, nyimbo 18? Muda umenibana.

Santuri_Kuukuu: Time Flies, usijiulize mara mbili. Singo 27, inaanza na Supersonic, na Whatever imo, wimbo usiopatikana kwenye albamu zao za studio. Sunday Morning Call wameuficha mwishoni kabisa kama mtoto wa nje.

DadaWaLeicester: Mimi nilimpelekea mama mkwe vitenge doti tatu, akavishona pazia la bafuni. Mpe kadi na keki, yaishe.

Ngoja_Waje: Shabiki wa hivyo mpaka leo hana Time Flies? Kuna kitu hujasema.

Mkwe_Mpya: Sawa. Alikuwa nayo, lile boksi la santuri tano. Alituazima tulipohamia. Nikaliegemeza kwenye hita wiki nzima ya baridi, santuri zikajikunja kama chapati iliyosahaulika jikoni. Ila nimeshaagiza Stop the Clocks ya CD. Sauti safi, na haipindi.

MzeeWaMoro: Kijana, amana hurudishwa ilivyo. Mwaka 1998 niliazima baiskeli ya shemeji yangu, ikaibiwa sokoni. Nikamnunulia redio. Hakunisemesha miaka miwili.

Ngoja_Waje: Kumbe umeshaagiza. Sasa ushauri wa nini?

Mkwe_Mpya: Boksi la santuri bei imenishinda, jamani. Halafu yeye roho yake iko kwa wimbo mmoja tu, Acquiesce. Kila Jumapili alikuwa anafungua hilo boksi, anauweka, kiitikio kikifika ananishika bega. Na Stop the Clocks inao!

Santuri_Kuukuu: Hapo chai imezidi sukari. Acquiesce haumo kwenye Time Flies. Haukuwa singo, ulikaa upande wa pili wa singo ya Some Might Say, 1995. Mods, fungeni uzi.

DadaWaLeicester: ☕☕☕ Na huyo mke yupo kweli?

Mkwe_Mpya: Si chai. Ndani ya boksi kulikuwa na santuri ya sita, aliichomeka mwenyewe. Some Might Say ya inchi 12, ile yenye stesheni ya reli kwenye jalada. Nyuma kuna tarehe kwa kalamu, na jina la mama mkwe.

Ngoja_Waje: Mama mkwe yu hai?

Mkwe_Mpya: Hapana.

Santuri_Kuukuu: Jalada limepona?

Mkwe_Mpya: Limepona.

Santuri_Kuukuu: Basi ghairi hiyo CD. Mpigie leo, Jumamosi ni mbali. Santuri ya inchi 12 nitakusaidia kuitafuta, uitie humo humo kwenye jalada lake.

MzeeWaMoro: Na ile redio, wakuu, ilikuwa mbovu.