Pembetatu yenye mtu anayevuka: napunguza mwendo wapi hasa?

Mwanafunzi wa udereva: Wakuu, habari zenu. Alama nimezikariri, ila barabarani nachanganya. Nikiona hiyo pembetatu, napunguza pale pale au nikifika kwenye zebra? Na daladala ikiwa imesimama kabla ya zebra, naipita?

Dereva wa Kimara: Mkuu, pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya juu ya kilicho mbele, zebra bado hujaifikia. Hapo hapo toa mguu kwenye mafuta, uweke juu ya breki, tazama kioo cha kati ujue nani yuko nyuma. Piga hesabu: kwa kilomita 50 kwa saa gari linakula kama mita 14 kila sekunde. Sekunde moja inaisha kabla hujakanyaga, kisha breki zinataka mita 14 nyingine kwenye lami kavu. Jumla 28. Kwa kilomita 30 kwa saa, mita 13 au 14 zinatosha. Lami ikilowa, au tairi zikiwa vipara, hesabu hiyo haipo tena.

Fundi Breki: Daladala iliyosimama kwenye zebra usiipite kabisa, hata upande wako ukiwa mweupe. Mara nyingi imempisha mtu, na bodi lake linamficha mpaka atokee mbele ya boneti yako. Ikiwa kituoni, shusha mwendo na uangalie chini ya gari: miguu utaiona kabla ya mwili. Na jamani, msiwapungie watu mkono wavuke. Wewe umesimama, lakini bodaboda ya pembeni haijasimama.

Mama Shamba: Pembetatu ya watoto wawili ina jambo lake. Akivuka mmoja, mngoje wa pili, maana huwa anamkimbilia mwenzake bila kutazama. Tena mtoto hajui kupima kasi ya gari. Akikuona mbali anadhani ana muda.

Mwanafunzi wa udereva: Asanteni sana. Na usiku?

Dereva wa Kimara: Ukipishana na gari, shusha taa. Hapo unaona karibu tu, na mwenye nguo nyeusi unamwona dakika ya mwisho, kwa hiyo mwendo ushuke pamoja na taa. Macho yaweke ukingo wa kushoto wa barabara, usizitazame taa za anayekuja. Kioo cha mbele kifute ndani pia. Ukungu wa vumbi ndio unaotawanya mwanga.