Chuma cha zege na dambeli mbili: nichague mazoezi gani nijaze mwili?

Seremala_Tanga:
Wakuu, salaam. Nina miaka 24, kilo 58, urefu sentimita 176. Jioni napiga tizi uwani kwa jirani. Kuna chuma cha zege (bomba na makopo mawili ya rangi ya lita 4), dambeli mbili za kilo 10, benchi la mbao, na mwembe wenye tawi la kujivutia. Wenzangu kila siku ni kifua na mikono. Mimi nataka mwili ujae wote, mapaja yakiwemo. Nichague mazoezi yapi?

Kocha_wa_Uwani:
Mdogo wangu, nimefurahi umetaja mapaja. Tazama mwili unafanya kazi gani: kuchuchumaa, kuinama na kunyanyua, kusukuma, kuvuta. Kila kazi ipe zoezi moja au mawili, basi.

Lita moja ya zege ina kama kilo 2.4, kwa hiyo makopo yako ni karibu kilo 19 bila bomba. Kwa skwati (kuchuchumaa na kuinuka) ya kawaida miguu itazoea upesi. Fanya ya mguu mmoja: mguu wa nyuma juu ya benchi, dambeli zote mbili mikononi, shuka taratibu. Hapo utaheshimu hizo kilo 20! Kuinama, tumia chuma: magoti yakunjwe kidogo tu, makalio yarudi nyuma, mgongo unyooke. Kusukuma ni benchi presi, yaani unalala chali kwenye benchi na kusukuma chuma juu kutoka kifuani, na siku nyingine chuma juu ya kichwa. Kuvuta, huo mwembe ndio mali kubwa hapo uwani. Jivute, tena ukiwa umeinama vuta chuma kuelekea tumboni. Mikono iachie seti (mizunguko ya marudio) mbili za mwisho, maana kwenye kujivuta imeshafanya kazi.

Kila msuli uguse mara mbili kwa wiki, jumla seti kama 10. Rudia mara 8 hadi 12, au zaidi uzito ukiwa mwepesi, mradi unaposimama uwe umebakiwa na nguvu ya marudio mawili matatu tu. Pumzika dakika mbili. Ukifikisha 12 seti zote, funga kifuko cha mchanga kila upande, umepima kilo moja moja dukani.

Mama_Pacha:
Na sahani je, mwanangu? Kwa gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, wewe unahitaji kama gramu 93 kwa siku. Yai lina kama 6, maharage makavu gramu 100 yana kama 21. Dagaa usiwadharau. Wali nao ongeza, mwili haujai ukiwa na njaa.

Seremala_Tanga:
Shikamoo mama, nimekusoma. Kocha, nikiinama na chuma kiuno kinauma. Niache?

Kocha_wa_Uwani:
Maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi, acha, nenda hospitali. Kama ni kiuno tu, punguza uzito, weka makopo juu ya matofali ili usiiname sana, na chuma kipite karibu na mapaja muda wote. Hata hivyo kikiendelea, ukaonwe. Na benchi presi usilale peke yako, mwite jirani asimame upande wa kichwa chako.