Naomba ushauri: habari za "mlango wa nyuma" kwenye mitambo ya simu ya Kichina nizipimeje kabla ya kuzichapisha?

Mhariri_wa_Zamu
Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaoijua mitambo. Nahariri ukurasa wa teknolojia. Habari za mashirika ya nje zinaingia zikidai Huawei au ZTE wameficha mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingia kwenye kifaa), chanzo ni "maofisa walioomba wasitajwe", na zinatakiwa zipande ndani ya saa mbili. Kesho yake kampuni inakanusha, keshokutwa mtaalamu anasema ilikuwa dosari ya kawaida, na msomaji amebaki na kichwa cha habari cha siku ya kwanza. Ugomvi wa Marekani na China tuuache. Nataka vipimo: niulize nini, nisome nini, na maneno gani yasipite mezani.

Fundi_Kiini
Mkuu, swali la kwanza: kifaa kipi, na kimekaa sehemu gani ya mtandao? Habari inayosema "mitambo ya Huawei" ikaishia hapo haijasema kitu. Kampuni hiyohiyo inauza redio za mnarani, vifaa vya kiini, programu ya kusimamia mtandao mzima, swichi, hadi ruta ya sebuleni, na madhara yake hayalingani hata kidogo. Kiini ndicho kinachojua namba hii ni ya nani, yuko chini ya mnara upi, kampigia nani kwa muda gani. Ndiko pia unakounganishwa mfumo wa kunasa simu kwa amri ya kisheria. Kituo cha mnarani nacho si kipofu: kwenye 4G usimbaji wa hewani (kufunga data isisomeke njiani) unaishia palepale mnarani, kwa hiyo kituo kinaziona pakiti, yaani vipande vya data, zikiwa wazi kabla hazijafungwa tena kwa IPsec, njia nyingine ya usimbaji, kuelekea kiini, kama kampuni ya simu imejisumbua kuiwasha. Ujumbe wa WhatsApp unabaki umefungwa kivyake. Kinachoonekana ni nani anawasiliana na seva ipi, saa ngapi, kwa ukubwa gani.

Swali la pili: mlango huo unafikiwa kutoka wapi? Aprili 2019 Bloomberg waliandika kwamba Vodafone Italia ilikuta milango ya nyuma kwenye vifaa vya Huawei miaka ya nyuma, ikiwemo ruta za nyumbani. Vodafone wakajibu kwamba kilichoitwa mlango wa nyuma ni Telnet, huduma ambayo watengenezaji wengi huitumia kupima hitilafu, kwamba haikuwa inafikika kutoka intaneti, na kwamba dosari zilishughulikiwa 2011 na 2012. Telnet inapitisha nywila bila kuifunga, kwa hiyo kuiacha wazi kwenye kifaa cha mteja ni uzembe. Ila uzembe una jina lake. Ili uuite mlango wa nyuma, mwandishi akuonyeshe mambo matatu: ulifichwa (haumo kwenye nyaraka za kifaa), unafikiwa na mtu aliye nje, na unampa mtengenezaji kitu ambacho mkataba wa matengenezo haujampa tayari. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Mtengenezaji mwenye mkataba wa kuhudumia mtandao kwa mbali anaingia kwa mlango wa mbele, kwa nywila aliyopewa.

Usingizi_Sina
Hapo kwenye Telnet usiwasafishe haraka, mkuu. Habari ileile ilisema Vodafone waliomba iondolewe, wakaambiwa imeondolewa, wakapima wakaikuta. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe, na ingesimama bila neno "mlango wa nyuma".

Fundi_Kiini
Nakubali. Mtengenezaji anayesema amerekebisha kumbe bado ni habari kamili.

Kamusi_ya_Dosari
Mhariri, soma ripoti za kituo cha Uingereza kinachokagua vifaa vya Huawei, kilichopo Banbury tangu 2010. Bodi inayokisimamia ilikuwa ikitoa ripoti ya wazi kila mwaka. Ya Machi 2019 ndiyo nzuri kwa mafunzo, kwa sababu magazeti mengi yaliitaja na machache yaliisoma.

Ndani yake kuna kasoro za kiuhandisi zinazohesabika. Kwenye programu ya kituo cha mnarani cha 4G wakaguzi walikuta nakala kamili 70 za maktaba ya usimbaji ya OpenSSL, za matoleo manne tofauti, kuanzia 0.9.8. Kwa fundi maana yake ni hii: dosari ikitangazwa leo kwenye OpenSSL, huna sehemu moja ya kubandika kiraka. Una sehemu 70, na utasahau baadhi. Hatari hiyo ni ya kila mdukuzi duniani, wa Beijing, wa Moscow, hata kijana aliye chumbani kwake. Ndiyo maana ripoti ileile inasema kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza, NCSC, hakiamini kwamba dosari hizo zimetokana na mkono wa dola ya China. Sentensi hiyo ikikosekana kwenye habari inayotaja ripoti, irudishe kwa mwandishi.

Na usiishie hapo ukaandika "Huawei yasafishwa". Ripoti ilisema wanaweza kutoa uhakika wenye mipaka tu, na sababu moja ni jambo ambalo sijaona gazeti la kawaida likilieleza. Wakaguzi wanapewa msimbo asilia, yaani maandishi ya programu kama waandaaji walivyoyaandika, wausome. Mnarani haukimbii msimbo asilia, inakimbia programu iliyojengwa kutokana nao. Utajuaje kwamba programu iliyoko mnarani imezaliwa na msimbo uliousoma? Unaujenga mwenyewe, kisha unalinganisha faili kwa faili. Zikilingana, vizuri. Kwa Huawei mchakato wa ujenzi haukuwa wa kurudiwa kwa uhakika: matoleo ya zana yanatofautiana, tarehe na njia za folda zinaingia ndani ya faili, vipande vinatoka kwenye miradi mbalimbali, na matokeo hayafanani hata pasipo mtu mwenye nia mbaya. Kwa hiyo unaweza kukagua mwaka mzima na bado usijue umekagua kitu gani. Kwangu hilo ni zito kuliko hadithi yoyote ya chipu ya siri.

Saini_Tafadhali
Umeitaja chipu ya siri, tuipime. Oktoba 2018 Bloomberg Businessweek waliandika kwamba chipu ndogo zilipachikwa China kwenye bodi za seva za Supermicro na kufika hadi Apple na Amazon. Kampuni zote tatu zilikanusha kwa maneno ya moja kwa moja, siyo yale ya "hatutoi maoni kuhusu usalama". Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani na NCSC wakasema hawana sababu ya kutilia shaka makanusho ya Apple na Amazon. Supermicro ikaajiri wachunguzi wa nje, hawakukuta kitu. Bloomberg walishikilia habari yao, na mwaka 2021 wakaandika nyingine kuiendeleza. Lakini bodi yenye chipu hiyo haijawahi kuwekwa mezani mtafiti huru akaitazama.

Linganisha na Juniper, Desemba 2015. Kampuni yenyewe ilitangaza kwamba imekuta msimbo usioidhinishwa kwenye mfumo wa ngome zake za mtandao, ScreenOS. Ndani ya siku chache watafiti wa nje walilinganisha toleo la zamani na lililorekebishwa wakaitoa nywila ya siri hadharani: <<< %s(un='%s') = %u. Itazame vizuri. Imetungwa ifanane na mabaki ya msimbo wa majaribio, mpitiaji aipite bila kusimama. Mlango wa nyuma wa kweli ukipatikana una sura: namba ya toleo, mstari wa msimbo, kipimo ambacho mtu mwingine anakirudia akapata jibu lilelile. Muulize mwandishi nani mwingine amekirudia. Jibu likiwa "hakuna", habari inaweza kupanda, ila inapanda kama madai.

Pia tenganisha kukanusha na kukanusha. "Hatujawahi kupokea ombi kama hilo" si sawa na "jambo hilo halijatokea". Nukuu neno kwa neno, usifupishe.

Shaka_Pande_Zote
Mimi naleta upande wa pili, maana shaka ikimwagwa kwa China peke yake si shaka tena.

Athens, 2004 hadi 2005: simu zaidi ya 100, ikiwemo ya waziri mkuu wa Ugiriki, zilinaswa kupitia mitambo ya Ericsson iliyokuwa kwenye mtandao wa Vodafone. Waliofanya hivyo walipandikiza programu iliyotumia uwezo wa kunasa simu kisheria uliokuwa tayari ndani ya mitambo. Iligundulika baada ya ujumbe mfupi kukwama bila kufika. Mtambo wa Sweden, mtandao wa Ulaya, hakuna China hapo. Mwaka 2014, kutokana na nyaraka alizovujisha Edward Snowden, zilichapishwa picha za wafanyakazi wa NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, wakifungua sanduku la vifaa vya mtandao vya Cisco, kampuni ya Marekani, njiani kabla halijamfikia mteja. Mwaka huohuo New York Times na Der Spiegel waliandika kwamba NSA iliingia kwenye seva za Huawei zenyewe. Februari 2020 Washington Post na televisheni ya Ujerumani ZDF wakaeleza jinsi CIA na wenzao wa Ujerumani walivyoimiliki kwa siri Crypto AG ya Uswisi, iliyouzia serikali nyingi mashine za usimbaji. Na 2024 ikajulikana kwamba kundi linaloitwa Salt Typhoon, ambalo Marekani inalihusisha na China, limeingia kwenye kampuni kubwa za simu za Marekani. Cisco walipochunguza walisema kwa sehemu kubwa waliingia kwa majina na nywila halali zilizoibwa, na penye dosari ilikuwa ya 2018, ambayo kiraka chake kilikuwepo siku nyingi. Yaani kundi hilo liliingia kupitia vifaa vya Kimarekani.

Hii haiifanyi Huawei kuwa salama. Sheria ya Ujasusi ya China ya 2017, ibara ya 7, inataka mashirika na raia wasaidie kazi za ujasusi wa taifa. Mtengenezaji anayesukuma masasisho kila mara hahitaji mlango wa nyuma leo, anaweza kuuleta kwenye sasisho la kesho. Hoja hiyo ni halali na inaandikika. Ila ni hoja ya kumwamini mtu, na isiandikwe kana kwamba kuna kitu kimekutwa.

Mfano wa karibu zaidi: Agosti 2019 Wall Street Journal waliandika kwamba mafundi wa Huawei waliwasaidia maofisa wa Uganda na Zambia kuwapeleleza wapinzani. Huawei wakakanusha. Habari yenyewe ilisema haikukuta ushahidi wa upelelezi kwa niaba ya Beijing, wala kwamba kuna kitu cha pekee kwenye teknolojia ya Huawei kilichowezesha. Waliotafsiri vichwa vya habari tu waliibadilisha ikawa "China yapeleleza Afrika". Iliyoandikwa ilihusu serikali kuwapeleleza raia wake.

Mhariri_wa_Zamu
Asanteni sana, nanakili kila kitu. Mawili yamebaki. Msomaji akinitumia picha ya skrini kwamba ruta yake "inatuma data China usiku wa manane", niifanye nini? Na serikali ikipiga marufuku kifaa, je, huo si ushahidi?

Pakiti_Mbichi
La ruta ni langu. Usiipokee picha ya skrini, omba faili ya pakiti na maelezo ya alivyopima. Kipimo kinachofaa kinakwenda hivi: ruta irudishwe hali ya kiwandani, isiunganishwe simu wala kompyuta yoyote, Wi-Fi izimwe. Kati ya ruta na modemu weka swichi yenye uwezo wa kunakili yanayopita tundu moja la waya kwenda lingine, kompyuta ya kunasa ikae kwenye lile la nakala, tcpdump, programu ya kunasa pakiti, ikimbie saa 72. Kisha kwenye Wireshark, programu ya kuzisoma pakiti hizo, panga kwa anwani, bandari (namba inayotambulisha huduma), idadi ya baiti zilizotoka, na kila baada ya muda gani.

Makosa ninayoyaona zaidi: mtu amepimia upande wa ndani, simu yake ikiwa kwenye Wi-Fi, akaihukumu ruta kwa kazi ya programu za simu. Au ameona UDP bandari 123 kila baada ya dakika kadhaa akashtuka, kumbe ni ruta kuuliza saa, na data yake kwa kawaida ni baiti 48 tu. Bandari 7547 ni ya usimamizi wa mbali wa kampuni ya intaneti. Ikiwa wazi kwa dunia nzima hiyo ni habari, maana Novemba 2016 wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipotelewa na huduma kutokana na shambulio lililopitia huko. "Usiku wa manane" mara nyingi ni saa za UTC, saa za kimataifa, ambazo hazijabadilishwa kuwa za hapa. Na nchi ya anwani ya IP inatoka kwenye hifadhidata zinazoonyesha iliposajiliwa, seva yenyewe ikiwa bara lingine.

Angalia wingi. Kilobaiti chache kwa siku ni kuuliza sasisho. Megabaiti mia zikitoka kwenye ruta isiyo na mteja, nipigie. Ila saa 72 za kimya hazithibitishi usalama, kwa sababu mlango unaosubiri pakiti maalumu hautasema lolote kwenye kipimo hicho.

Kamusi_ya_Dosari
La marufuku: soma sababu iliyoandikwa, usiikisie. Januari 2020 Uingereza iliiruhusu Huawei kwenye sehemu zisizo nyeti za mtandao kwa kikomo cha asilimia 35. Julai 2020 ikaamua vifaa vyake vya 5G visinunuliwe tena baada ya mwisho wa mwaka huo na viondolewe ifikapo mwisho wa 2027. Katikati hapakutangazwa mlango wa nyuma wowote. Kilichobadilika ni vikwazo vya Marekani vya Mei 2020 vilivyoikatia Huawei chipu, na NCSC ikaona haiwezi tena kudhamini usalama wa vifaa vitakavyotengenezwa kwa chipu za kubahatisha. Kichwa sahihi kingekuwa "Vikwazo vya Marekani vyaifanya Uingereza kuitosa Huawei". Ripoti ya kamati ya ujasusi ya Bunge la Marekani ya Oktoba 2012 nayo ina kiambatisho cha siri. Ukiinukuu, andika kwamba sehemu hiyo haijaonekana na umma, na sehemu ya wazi ilipendekeza kampuni za Marekani zitafute wauzaji wengine.

Saini_Tafadhali
Kwa maneno ya mezani: "yagundulika" nyang'anya kabisa, isipokuwa kama kuna kifaa, toleo na mtu wa pili aliyerudia kipimo. "Huenda ina milango ya nyuma" nayo itazame kwa jicho kali. Mwaka 2019 kampuni ya Finite State ilipima programu za vifaa 558 vya Huawei ikasema zaidi ya nusu ya programu hizo zina angalau mlango wa nyuma mmoja "unaowezekana", na humo walihesabu mpaka nywila na funguo zilizoachwa ndani ya programu. Kabla hujaipandisha ya namna hiyo, uliza kama vifaa vya Cisco, Nokia na Ericsson vilipimwa kwa kipimo hichohicho na kwa idadi inayokaribiana. Kama havikupimwa, liseme hilo kwenye aya ya pili, usilipeleke ya kumi na nne.